Baumwolle: namna Kijerumani kilivyoiita pamba "sufu ya mti"

Geuza kola ya shati la mtumba lililotoka Ujerumani, mara nyingi utakuta kilebo cheupe kimeandikwa "100 % Baumwolle". Muuzaji atakwambia ni pamba tupu, na ni kweli. Lakini ukilipasua neno lenyewe, pamba huioni popote. Baum ni mti. Wolle ni sufu, yaani manyoya ya kondoo yanayosokotwa kuwa uzi. Kwa maneno yake yenyewe, kilebo kinasema shati ni sufu ya mti asilimia mia.

Maelezo yanayosambaa kwa wepesi ni kwamba Wajerumani wa kale hawakuwahi kuuona mpamba, wakaamini huko mbali kuna miti inayoota manyoya ya kondoo, wakaita hivyo. Maelezo hayo yanavutia, ila yanawaonea waliolitoa jina. Wazo la sufu ya mti ni la kale kuliko Baumwolle kwa zaidi ya miaka 1,500, lilianzia kwa watu waliokuwa na habari nzuri kuhusu mmea huo, na Kiswahili nacho, bila kuwauliza Wajerumani, kiliunda neno lililojengwa hivyo hivyo. Kulifikia hilo inabidi kwanza tujue neno ambatani la Kijerumani linasomwaje.

Soma kutoka nyuma

Katika Kiswahili, kichwa cha neno ambatani huwa mbele. Batamzinga, kwa muundo wa jina lake, ni aina ya bata. Bata ndiye anayetangulia, na kinachofuata kinatueleza ni bata gani. Kijerumani kinageuza. Kichwa ni kipande cha mwisho, na vilivyotangulia vinakipambanua. Baumwolle, basi, ni aina ya Wolle. Ni sufu, na Baum inatueleza sufu ipi.

Kichwa ndicho kinachobeba sarufi yote. Nomino za Kijerumani zina jinsia tatu, na kila moja ina kibainishi chake: der, die, das. Mti ni der Baum, sufu ni die Wolle, kwa hiyo pamba ni die Baumwolle. Kipande cha mbele hakina kauli hapo. Anayejifunza Kijerumani akikutana na neno la silabi nane asihangaike na mwanzo wake. Aende mwishoni, achukue kibainishi cha kipande cha mwisho, na mara chache sana atakosea.

Mkazo wa sauti, kinyume chake, unakaa mbele. Hapa ndipo sisi tunaozungumza Kiswahili tunapoteleza, kwa sababu ulimi wetu umezoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Tunasema baum-WOL-le kama tunavyosema ka-LA-mu. Mjerumani anasema BAUM-wol-le. Ukikaza katikati, msikilizaji anasikia maneno mawili yaliyosimama karibu, mti na sufu, na anangoja umalizie sentensi.

Kuna jambo la tatu linalotokea pale Baumwolle inapogeuka na kuwa kipande cha mbele cha neno jingine. Shati la pamba ni Baumwollhemd, shamba la pamba ni Baumwollfeld. Irabu ya mwisho imedondoka. Wolle ikisimama mbele inabaki Woll-. Msomaji wa Kiswahili ana mfano wa karibu zaidi: neno letu shule limetoka katika Schule ya Kijerumani, na Schule ikiunganishwa na Buch, kitabu, inakuwa Schulbuch, si Schulebuch. Si kila nomino yenye -e mwishoni hufanya hivyo. Affe, nyani, inaongezewa n badala ya kupunguzwa, na ndiyo maana mbuyu unaitwa Affenbrotbaum: nyani, mkate, mti, yaani mti wa mkate wa nyani. Herufi hizi za kiungo hujifunzwa neno kwa neno, kama tunavyojifunza wingi wa nomino zetu.

Neno likirefuka, kosa la kawaida ni kulikata mahali pasipo pake. Chukua Baumwollsamenöl. Kutoka nyuma: Öl ni mafuta, Samen ni mbegu, Baumwoll- ni pamba. Mafuta ya mbegu za pamba. Anayekata baada ya Baum anabaki na "mafuta ya mbegu za sufu za mti", maneno yasiyo na mwenyewe. Jaribio ni jepesi: kila kipande unachokata kiwe neno linalojitegemea kwenye kamusi. Baumwolle imo, Samen imo, Öl imo. Ukikata mahali ukabaki na kipande ambacho hakuna anayekitumia, rudi ukate upya.

Na hata ukikata vizuri, neno halikwambii uhusiano wa vipande. Schafwolle ni sufu inayotoka kwa kondoo. Stahlwolle, Stahl ikiwa chuma cha pua, ni zile nyuzi za chuma za kusugulia sufuria. Imetengenezwa kwa chuma, haikukatwa mgongoni mwa chuma. Glaswolle ni nyuzi za kioo zinazojazwa kwenye kuta na dari kuzuia joto au baridi. Holzwolle, inayofanana sana na Baumwolle kwa maana ya vipande, kwa kuwa Holz ni mbao, ni maranda membamba ya kufungashia vitu vinavyovunjika. Katika yote haya Wolle imeacha kumaanisha manyoya na imebaki na umbo tu: kitu chenye nyuzi nyingi laini zilizojikunja pamoja.

Kwa hiyo kwenye vilebo vya nguo tofauti hizi zina faida ya kila siku. Wolle peke yake, au Schurwolle, ni sufu ya kondoo. Hiyo Schur- ni kunyoa, maana yake sufu imenyolewa kwa kondoo hai na haijawahi kutumika. Sufu ya kondoo ina magamba madogo juu ya kila unyuzi. Ukiifua kwa maji ya moto na kuisugua, magamba yanashikana, nguo inasinyaa na kukakamaa, na hairudi tena. Pamba haina magamba hayo, na shuka nyeupe za Baumwolle zinastahimili hata kuchemshwa. Aliyeona "-wolle" mwishoni akafua zote kwa maji baridi hakuharibu kitu, ila aliyefanya kinyume chake ameshapoteza sweta. Ukiwa na shaka, chomoa uzi mmoja uuchome. Sufu ya kondoo hunuka nywele zilizoungua, kwa kuwa ni protini kama nywele zetu. Pamba hunuka karatasi inayoungua, kwa kuwa ni selulosi. Na pamba ya hospitali, ya kusafishia kidonda, Mjerumani haiiti Baumwolle hata kidogo, anaiita Watte. Ukiingia duka la dawa ukaomba Baumwolle utaeleweka kwa shida.

Ukigeuza unapata msufi

Sasa badilisha mpangilio. Badala ya Baumwolle sema Wollbaum. Vipande ni vile vile, lakini kichwa sasa ni Baum, kwa hiyo kinachotajwa ni mti, na jinsia imegeuka kuwa der. Neno hili lipo kweli: Wollbaum ni jina la Kijerumani la miti ya jamii ya msufi, ile mirefu yenye maganda yanayopasuka na kutoa nyuzi laini za kujazia mito na magodoro.

Tazama neno letu. Msufi unazaa sufi. Sufi na sufu zote mbili zimetoka katika Kiarabu ṣūf, manyoya ya kondoo. Wazungumzaji wa Kiswahili wa pwani walipoona nyuzi za mti huo walitumia neno la sufu, wakaliweka kiambishi m- cha ngeli ya miti, na mti ukawa msufi: mti wa sufu, Wollbaum neno kwa neno. Kijerumani kilihitaji nomino nzima, Baum, kusema kile ambacho kwetu kinasemwa na herufi moja. Aliyezoea kuuita mti huo msufi hana sababu ya kumshangaa Mjerumani.

Wataalamu wa mimea wa Kijerumani walilipanua jina hilo hadi kwa ukoo mzima, Wollbaumgewächse, na ndani yake umo mbuyu. Kwa Kilatini ukoo huo ulipewa jina kutokana na mti uitwao Bombax. Weka jina hilo akilini, tutalirudia.

Baba na mama wa neno

Baum ina ndugu wengi wa karibu lakini haina nyayo ndefu za kurudi nyuma. Kijerumani cha kale kilisema boum, Kiholanzi kinasema boom, Kigothi kilisema bagms, na Kiingereza cha kale kilikuwa na bēam likimaanisha mti, ingawa leo limebaki kumaanisha boriti na mwali wa mwanga. Nje ya jamii ya lugha za Kijerumanikia hatupati jamaa anayekubaliwa na wote.

Wolle ni kinyume. Huyu ana ukoo unaotoka visiwa vya Uingereza hadi India. Kigothi wulla, Kijerumani cha kale wolla. Kilithuania vilna, Kicheki vlna, Kipolandi wełna. Kilatini lana, Kiwelshi gwlân, Kisanskriti ūrṇā. Katika Kihiti, lugha ya Anatolia iliyoandikwa kwenye mabamba ya udongo zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, ni hulana. Yote yanamaanisha sufu.

Kwa sikio la kawaida wolla na vlna hayafanani vya kutosha. Kinachoyaunganisha ni kanuni: mahali ambapo lugha za Kislavoni na za Kibaltiki zimehifadhi l ikifuatwa na n, Kijerumanikia kiliimeza n na kurudufu l. Neno moja halitoshi kuthibitisha kanuni, kwa hiyo tafuta la pili. "Kujaa" kwa Kilithuania ni pilnas, kwa Kijerumani ni voll. Vilna na Wolle, pilnas na voll: badiliko lile lile, mahali pale pale. Hivi ndivyo asili ya maneno inavyopimwa. Mfanano wa sauti ni dokezo tu. Ushahidi ni badiliko linalojirudia.

Kwa nini mti?

Mpamba wa Usukumani ni mmea wa kiunoni au kifuani, unapandwa, unavunwa, kisha mabua yanang'olewa na kuchomwa ili wadudu wasivuke msimu. Huwezi kuuita mti. Lakini huo ni Gossypium hirsutum, pamba yenye asili ya Amerika, ambayo leo ndiyo sehemu kubwa sana ya pamba yote duniani. Pamba waliyoijua watu wa kale wa India na Bara Arabu ilikuwa ya aina nyingine. Mojawapo inaitwa Gossypium arboreum, na arboreum ni Kilatini cha "wa mti". Ukiuacha usiung'oe, unaishi miaka, shina linakuwa gumu, na kimo kinampita mtu. Aliyesimama chini yake hakukosea kusema mti.

Herodoto, mwandishi wa Kigiriki wa karne ya 5 kabla ya Kristo, aliandika kwamba huko India miti ya porini inazaa sufu inayoishinda ya kondoo kwa uzuri na ubora, na kwamba Wahindi wanavaa nguo zake. Katika kitabu hicho hicho anataja deraya ya kitani ambayo mfalme Amasis wa Misri aliwapelekea Wasparta, imerembwa kwa dhahabu na kwa "sufu itokayo mtini". Karne moja na zaidi baadaye Theofrasto, aliyepata habari kutoka kwa mabaharia wa Aleksanda Mkuu waliozunguka Ghuba ya Uajemi, alieleza miti yenye kuzaa sufu katika kisiwa cha Tylos, ambacho ndicho Bahrain ya leo. Alisema jani lake linafanana na la mzabibu ila ni dogo, na sufu imo ndani ya kifuko chenye ukubwa wa tofaa dogo, kinachofunguka kikiiva. Yeyote aliyewahi kulitazama jani la mpamba atakubali kwamba mtoa habari alilitazama pia.

Mfanano huo na mzabibu haukumpata Theofrasto peke yake. Kiebrania cha Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za Kiyahudi, kinaiita pamba tsemer gefen, sufu ya mzabibu. Wagiriki na Wayahudi walichukua kilicho nyumbani, sufu, kisha wakaongeza mmea wa kuitofautisha. Mmoja akachagua mti, mwingine mzabibu.

Misri chini ya Warumi neno lilikuwa limeshakuwa moja: erioxylon, kutoka erion, sufu, na xylon, mti au ubao. Linapatikana katika mafunjo ya biashara ya wakati huo. Na mwanasheria Ulpianus, wa mwanzoni mwa karne ya 3, analitaja katika suala la mirathi. Mtu akiacha wosia kwamba fulani apewe "sufu" yote, je, anapata nini? Ulpianus anajibu kwamba wosia unajumuisha hata sufu ya sungura, ya bata bukini, ya mbuzi, na ile ya mti ambayo Wagiriki wanaiita erioxylon. Kwa mwanasheria huyo sufu ya mti haikuwa hadithi ya ajabu. Ilikuwa bidhaa ghalani, nayo inagawanywa.

Pamba inavuka milima ya Alps

Neno la Kijerumani linaonekana katika kipindi kinachoitwa Kijerumani cha Kati cha Juu, takriban 1050 hadi 1350, kwa umbo la boumwolle. Kaskazini, kwenye nchi tambarare za Kijerumani cha Chini, ni bōmwulle. Haya si maneno ya wasomi waliojifungia na vitabu. Wafumaji walikuwa wakiishika pamba yenyewe mikononi.

Ilitoka Syria, Kupro na Misri kwa meli hadi Venice, ambako wafanyabiashara wa Kijerumani walikuwa na jumba lao kando ya mfereji mkuu, Fondaco dei Tedeschi. Hiyo fondaco ni Kiarabu funduq, nyumba ya wageni. Kutoka hapo marobota yalipandishwa milima ya Alps hadi Augsburg na Ulm, miji iliyopata utajiri kwa kitambaa kiitwacho Barchent, jina lingine lenye mzizi wa Kiarabu, barrakān. Katika Barchent nyuzi za mtande, zile zinazotandazwa kwa urefu na kuvutwa kwa nguvu kwenye kitanda cha mfumi, zilikuwa za kitani. Za mshindio, zinazopita katikati kwenda na kurudi, zilikuwa za pamba. Sababu ni ya kiufundi: uzi wa pamba uliosokotwa kwa mkono ulikatika haraka ukivutwa, na uzi wa kitani haukukatika. Mshindio hauvutwi kama mtande, kwa hiyo pamba ilikaa hapo na kuleta ulaini. Hans Fugger, mfumaji aliyehamia Augsburg mwaka 1367 kutoka kijiji cha Graben, alianzia katika kazi hii. Mjukuu wake Jakob alifikia kuwakopesha wafalme.

Kwa watu hao Wolle ilikuwa neno la kazini. Waliifahamu sufu ya kondoo, inavyochanwa, inavyosokotwa. Malighafi mpya ilipofika, iliyochanwa na kusokotwa karibu vivyo hivyo, iliingia chini ya jina la ile ya zamani na kupewa kipambanuzi.

Mashaka kuhusu Baum

Hapa kuna swali linalostahili kupewa nafasi. Waitalia waliowauzia Wajerumani pamba walikuwa na majina mawili. Moja ni cotone, kutoka Kiarabu quṭn. Jingine ni bambagia. Hilo la pili linarudi katika Kilatini cha zama za kati, bombax, ambalo limetoka katika Kigiriki pambax na bambax, ambalo nalo limetoka katika Kiajemi cha kati pambag. Kiajemi cha leo husema panbe. Na sisi tunasema pamba.

Ndiyo: pamba yetu, bambagia ya Kiitalia, bumbac ya Kiromania, vamvaki ya Kigiriki, pamuk ya Kituruki, na hata jina la kitaalamu la ule mti Bombax, wote ni watoto wa Mwajemi mmoja. Kiswahili kilimpokea kwa njia ya Bahari ya Hindi, Ulaya ikampokea kwa njia ya Wagiriki na Warumi.

Je, inawezekana boum- ya boumwolle ni bomba- iliyosikiwa vibaya? Mfumaji anasikia "bombax", haelewi, sikio lake linatafuta neno la nyumbani, linapata boum, na mti unazaliwa. Shaka hii si ya kipuuzi, kwa sababu Kijerumani kimefanya hivyo mara nyingi. Leinwand, kitambaa cha kitani, inaonekana leo kama Lein, kitani, na Wand, ukuta. Ukuta haukuwemo. Zamani ilikuwa līnwāt, na wāt ilikuwa nguo. Wāt ilipokufa midomoni mwa watu, kipande kikabaki hakina maana, wakakivuta kuelekea Gewand, vazi. Tangu sinema ije, Leinwand ndiyo pazia jeupe la kuonyeshea picha, na kwa kuwa linaning'inizwa ukutani kila mtu anaamini ukuta ulikuwamo tangu mwanzo. Hängematte nayo inasomeka "mkeka wa kuning'inia", lakini ni neno la Wataino wa visiwa vya Karibi, hamaca, lililopita kwa Wahispania na Waholanzi na kuvishwa vipande vya Kijerumani njiani.

Kwa hiyo tulipime. Bomba ina irabu o ikifuatwa na mb. Katika Kijerumani mb ya zamani iligeuka mm: lamb ikawa Lamm, mwanakondoo, kumber ikawa Kummer, huzuni, zimber ikawa Zimmer, chumba. Bomba- ingefuata njia hiyo tungekuwa leo na kitu kama Bommwolle. Tulicho nacho ni Baum-, na au ya leo inalingana sawasawa na ou ya zamani, kama ouge iliyokuja kuwa Auge, jicho. Kaskazini ni bōm-, ambalo ndilo umbo halisi la "mti" huko. Kila lahaja inatoa umbo lake la kawaida la mti. Hiyo ina maana kwamba tangu neno linapoanza kuandikwa, waliolisema walikuwa wanasema mti, wakijua wanasema mti. Kutokana na hayo, na kwa kuwa wazo la sufu ya mti lilikuwa limeshatembea kwa Kigiriki na Kilatini kwa karne nyingi, naiona bambagia kama mwangwi uliolisaidia neno kukaa sikioni. Mzazi ni wazo la kale.

Mswahili anaweza kujipima kwa mtego kama huo nyumbani. Pamba na kupamba. Nguo za pamba hupendeza, mitaani tunasema mtu "amepiga pamba" akivaa vizuri, na inashawishi kuamini kwamba pamba ni kile kinachopamba. Ni maneno mawili yasiyohusiana yaliyokutana kwa sauti. Pamba ya shambani ni ya Kiajemi. Mtego wa pili ni kitani, ambayo masikioni inakaribiana na cotone. Kitani imetoka katika Kiarabu kattān, kwa herufi kāf, mmea mwingine na nyuzi nyingine. Cotone imetoka quṭn, kwa herufi qāf.

Kuna pia hadithi ya mwanakondoo anayeota juu ya mmea, ambayo huambatanishwa na Baumwolle kila neno hili linapojadiliwa. Kitabu cha safari cha karne ya 14 kinachobeba jina la John Mandeville kinataja tunda ambalo likipasuliwa ndani yake mna mnyama mdogo kama mwanakondoo. Kinachosahauliwa ni kwamba kitabu kinasema mwanakondoo huyo hana sufu, na kwamba watu wanamla pamoja na tunda. Hakuna cha kusokota hapo.

Majirani walivyolichukua

Nguvu ya neno inaonekana kwa waliolitafsiri. Waskandinavia walilichukua karibu zima: bomull kwa Kiswidi, bomuld kwa Kidenmaki. Wafini wakatafsiri vipande vyote viwili, puu ni mti, villa ni sufu, wakapata puuvilla. Waestonia puuvill, Walatvia kokvilna, Walithuania medvilnė. Wote ni mti na sufu.

Wacheki walifanya jambo la kipekee. Bavlna imeshika sauti ya Kijerumani mbele na kutafsiri nyuma: bav- ni Baum iliyolainishwa, vlna ni sufu yao wenyewe. Wapolandi bawełna, Waukraini bavovna, kwa namna hiyo hiyo. Na kumbuka kwamba vlna na Wolle ni neno moja lililoachana maelfu ya miaka kabla. Kijerumani kilileta jina na Kicheki kikang'oa Wolle na kumweka binamu yake mahali pale pale.

Waholanzi walikuwa na boomwol, wakaiacha kwa katoen. Katoen hiyo ikaingia Ujerumani kama Kattun, ikapata kazi nyingine: Kattun ni kitambaa, Baumwolle ni malighafi na uzi wake.

Neno linafika pwani yetu

Mwishoni mwa karne ya 19 viwanda vya Ujerumani vilitegemea mno pamba ya Marekani, na tatizo hilo likapewa jina lake, Baumwollfrage, suala la pamba. Umeiona e iliyodondoka. Jibu lililopendekezwa na Kolonial-Wirtschaftliches Komitee, kamati ya uchumi wa makoloni iliyoundwa mwaka 1896, lilikuwa kulima pamba kwenye makoloni yenyewe. Chini ya gavana von Götzen, kuanzia 1902, vijiji vya kusini mwa Tanzania ya leo vililazimishwa kulima mashamba ya pamba ya pamoja chini ya maakida na majumbe, na kazi ikaangukia siku ambazo mtu alihitaji kuwa kwenye shamba lake la chakula. Julai 1905, huko Nandete katika vilima vya Matumbi, watu waliing'oa miche ya pamba, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Kinjikitile Ngwale, mganga aliyegawa maji ya kinga, alinyongwa tarehe 4 Agosti mwaka huo. Takwimu za Wajerumani wenyewe zilitaja vifo 75,000. Wanahistoria wa baadaye wamekadiria hadi 300,000, wengi kwa njaa.

Kutoka utawala huo Kiswahili kilibaki na shule, na kilibaki na hela, kutoka sarafu ya Heller iliyoanza kutumika mwaka 1904. Baumwolle haikuacha hata silabi moja. Nafasi yake ilikuwa imejaa. Huko Kilwa Kisiwani, kwenye pwani iliyo karibu na vilima hivyo vya Matumbi, wachimbaji wa mambo ya kale wamefukua vigae vya vyungu vilivyochongwa duara na kutobolewa katikati. Vilikuwa uzito wa vijiti vya kusokotea uzi wa pamba, karne nyingi kabla Mjerumani wa kwanza hajashuka forodhani.